Fumbo la mwisho wa wiki: Jinsi ya kumshinda mtunzi kwa kanuni zake mwenyewe

WAPO wasomaji wa magazeti ya Kiingereza jijini Nairobi, Kampala na Dar es Salaam ambao kila Jumamosi hufanya jambo lile lile. Huufikia ukurasa wa burudani, wakaujaza mraba mwepesi wa maneno kabla chai haijapoa, kisha macho yao yakatua kwenye mraba mwingine, ule wa mafumbo. Husoma kidokezo cha kwanza mara mbili, wakaona hakina kichwa wala miguu, wakafunua kurasa za michezo.

Sababu wanayojipa ni kwamba mraba huo ni wa watu wenye Kiingereza cha kina. Sababu hiyo haina uzito. Majibu mengi yanayotakiwa ni maneno ya kawaida kabisa, ambayo mwanafunzi wa sekondari huyatumia katika insha zake. Kinachowakwamisha wasomaji hao ni jambo jingine: wanakisoma kidokezo kama wanavyosoma habari, ilhali kimeandikwa kisomwe kama maelekezo ya kupika chakula.

Njia nyepesi ya kuzifahamu kanuni zake ni kuzipima kwanza katika Kiswahili, lugha ambayo msomaji haiogopi, ndipo zirudishwe katika Kiingereza ambako mraba huo ulizaliwa. Mathalani, kitazamwe kidokezo hiki:

"Bahari ikichafuka huleta taarifa" (6)

Msomaji wa kawaida ataona mawimbi, mashua za wavuvi na onyo la watabiri wa hali ya hewa. Mfumbuzi hataona hata tone la maji. Yeye ataona neno lenye herufi sita, b-a-h-a-r-i, na amri ya kulichafua, yaani kuzipangua herufi zake. Zikipangwa upya hutoka h-a-b-a-r-i. Na habari ni nini? Ni taarifa. Neno "huleta" ni daraja tu la kuunganisha pande mbili, na tarakimu ya mwisho inamjulisha kuwa jibu lina herufi sita. Kazi imekwisha, na bahari yenyewe haikuhusika.

Humo imo kanuni kuu inayotawala karibu kila kidokezo cha aina hii. Kidokezo huwa na sehemu mbili, na zote mbili hulenga jibu moja. Sehemu moja ni maana ya jibu, kama inavyopatikana katika kamusi. Nyingine ni maelekezo ya kulijenga jibu hilo herufi kwa herufi. Maana hukaa mwanzoni au mwishoni mwa kidokezo, haijifichi katikati. Kwa hiyo, kabla ya kuhangaika na lolote, mfumbuzi hujiuliza: je, maana ni hilo neno la kwanza, au ni hilo la mwisho?

Fumbo gumu husema zaidi

Hapa ndipo linapoonekana jambo ambalo wengi hawalitarajii. Mraba mwepesi ukiuliza "Mnyama wa porini", visanduku vitano, msomaji anaweza kuandika simba, nyati, swala au tembo, na yote ni sahihi mpaka herufi za maneno jirani zimsute. Kidokezo hicho chepesi kimempa nusu tu ya anachohitaji. Sasa kilinganishwe na hiki cha mafumbo:

"Mkubwa wa porini hutoka kwa mgema" (5)

Mkubwa wa porini anaweza kuwa nyati, lakini nyati hatoki kwa mgema. Kinachotoka kwa mgema, kikagemwa juu ya mnazi asubuhi na jioni, ni tembo, na tembo ndiye huyo huyo mwenye mkonga. Jibu ni moja, na mfumbuzi ana hakika nalo hata kama mraba wote uliobaki ni mtupu. Kidokezo kinachodaiwa kuwa kigumu ndicho kilichokuwa na ukarimu zaidi, kwani kimesema jambo lile lile mara mbili kwa njia mbili tofauti.

Wafumbuzi wazoefu huutumia ukarimu huo kama mizani. Jibu lisilothibitika kwa pande zote mbili hawaliandiki kwa wino. Wanaoanza hufanya kinyume chake: wakiona neno linaloafiki maana na kutosha katika visanduku, hulijaza papo hapo, na kosa moja la namna hiyo huharibu kona nzima ya mraba.

Aina hii ya kidokezo, yenye maana mbili za neno moja, ndiyo iliyo karibu zaidi na mazoea ya Waswahili. Lugha yenyewe imejaa maneno ya namna hiyo: mbuzi wa zizini na mbuzi wa kukunia nazi, kaa wa pwani na kaa la moto, ua la bustanini na ua wa nyumba. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kati ya karne ya 18 na ya 19, alisifika kwa mashairi ya kufumba ambamo neno moja hubeba maana kadhaa. Na mtoto aliyekua akisikia "kitendawili", akaitika "tega", na aliposhindwa akaombwa mji, amekwisha kufunzwa nusu ya kazi ya mfumbuzi.

Kuzitambua ishara

Kidokezo cha kupangua herufi, kama kile cha bahari, ndicho mlango mwepesi wa kuingilia. Huwa na ishara mbili. Ya kwanza ni neno lolote linaloashiria fujo, ulevi, ajali, wazimu, kuvunjika au kupikwa. Katika Kiingereza ishara hizo ni nyingi mno: "drunk", "broken", "wild", "cooked", "crazy", "off". Ya pili ni hesabu. Ikiwa jibu lina herufi tisa, na karibu na neno la fujo yapo maneno mawili ambayo herufi zake kwa jumla ni tisa, hapo pasihitajiwe kufikiri zaidi. Ziandikwe herufi hizo pembeni mwa gazeti kwa mduara, si kwa mstari, maana mstari hulifanya jicho ling'ang'anie neno la awali.

Kidokezo cha maficho ni chepesi zaidi kukijibu na kigumu zaidi kukiona. Jibu huwa limeandikwa waziwazi mbele ya macho:

"Maji mengi yamo ndani ya kazi wanayofanya" (4)

Msomaji azisome herufi za "kazi wanayofanya" bila kuijali nafasi iliyo kati ya maneno. Atakuta z-i-w-a, na ziwa kweli ni maji mengi. Ishara hapa ni "ndani ya". Waingereza hutumia "part of", "some", "in" na kadhalika. Kwa kuwa mtunzi lazima apate maneno ambayo yakiungana yatalizaa jibu, mara nyingi sentensi yake huwa na kauli iliyokaa kwa kujilazimisha kidogo. Mfumbuzi akihisi kwamba hakuna mtu ambaye angesema hivyo katika mazungumzo ya kawaida, na achunguze viungo vya maneno.

Wakati mwingine neno humezwa na neno jingine. Hiki ni miongoni mwa vidokezo vinavyoudhi, na ni vizuri kukitazama kwa utulivu:

"Nyumba ya ibada ni ndani ya kasa" (6)

Kila anayekijua Kiswahili atalisoma "ni" kama kiungo cha sentensi, kisha atashangaa ni ibada gani hiyo inayofanyika tumboni mwa kasa. Mtunzi ndivyo alivyotaka. Lakini "ni" hapa si kiungo. Ni herufi mbili, n na i, zinazotakiwa kuingizwa ndani ya k-a-s-a. Matokeo yake ni ka-ni-sa. Somo lililomo ni kubwa kuliko kidokezo chenyewe: maneno madogo ambayo jicho huyaruka, kama "ni", "na", "si" na "wa", ndiyo mara nyingi yenye herufi zinazotafutwa. Katika Kiingereza ni "a", "in", "on", "is" na "I". Alama za uakifishaji nazo ni mtego. Koma huwekwa mahali pa kumpoteza msomaji, na mfumbuzi anayezifuta zote akilini hapotezi kitu.

Vidokezo vya kuunganisha vipande havina maelezo marefu. "Maji kabla ya vuno huleta kiburi" (8) ni maji, kisha vuno, yaani majivuno. Vya kugeuza ni vifupi zaidi: "Ali akirudi nyuma huonyesha kasoro" (3) ni a-l-i iliyosomwa kutoka mwisho, nayo ni ila. Waswahili wana mchezo ulio ndugu na huu, ambao ni kinyume, ambapo silabi ya mwisho hutangulizwa mbele ili wasiohusika wasielewe, kama "samaki" kuwa "kisama".

Lipo kundi moja ambalo halikubali kuhamia katika Kiswahili. Ni vidokezo vya sauti, ambapo neno moja husikika kama jingine lenye tahajia tofauti. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, hivyo mtunzi hana pa kujificha. Katika Kiingereza vidokezo hivyo vimejaa, na ishara zake ni "we hear", "reportedly" au "on the radio". Tahadhari inahitajika hapa kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kwa sababu sauti inayokusudiwa ni ya kusini mwa Uingereza, ambako herufi r haitamkwi isipofuatwa na irabu. Kwa mtunzi wa London, "sauce" na "source" ni sauti moja, na "caught" na "court" hali kadhalika. Mtu wa Nairobi anayeitamka r yake vizuri hatakubali hata kidogo, na ana haki, lakini mraba hautamsubiri.

Kwa wanaotaka kujipima kabla ya kuendelea, vidokezo vitatu vifuatavyo vimetumia mbinu zilizokwisha kuelezwa:

"Samaki waliovurugwa wapata majira ya mvua" (6)

"Rafiki aliyechanganyikiwa hupata mawazo" (6)

"Hasa likizoni hupatikana kitamu cha nyuki" (5)

Mizigo ya Waingereza

Sasa zirudi kanuni hizo kwenye lugha yake. Kidokezo "Part of USA far inland for a journey" (6) kinaonekana kuzungumzia sehemu ya Marekani iliyo mbali na pwani. Ni kidokezo cha maficho: baada ya kuiacha U, herufi s-a-f-a-r-i zimo ndani ya "USA far inland", na maana, "a journey", iko mwishoni kama kanuni inavyotaka. Jibu ni safari, neno ambalo Kiingereza kililichukua Pwani hii. Si hilo pekee. Kamusi ya Chambers, ambayo wafumbuzi wa Uingereza huitegemea kuliko nyingine, ina bwana, askari, uhuru, panga na matatu. Siku maneno hayo yanapotokea, msomaji wa Dar es Salaam humtangulia yule wa Manchester.

Siku nyingi, hata hivyo, mambo huwa kinyume chake, na hapa malalamiko ya wasomaji wetu ni ya haki. Mraba wa mafumbo umebeba mizigo ya maisha ya Kiingereza: shule zao, jeshi lao, kanisa lao na michezo yao. "Sailor" huweza kuwa TAR, AB au SALT. "Doctor" ni DR, MO au GP. "Quiet" ni P na "loud" ni F, kutoka katika nota za muziki. "Love" ni O, kwa kuwa katika tenisi ni sifuri. "The French" ni LE, LA au LES. "Worker" si mfanyakazi wa kiwandani, ni mdudu, ANT au BEE. "Flower" huenda lisiwe ua. Huenda likawa kitu kinachotiririka, yaani mto, kama Cam, Dee au Exe. "Nice" mwanzoni mwa kidokezo linaweza kuwa mji wa Ufaransa, ili "friend in Nice" awe AMI, rafiki kwa Kifaransa. Malkia Elizabeth alifariki Septemba 2022, lakini ufupisho wake, ER, haukuzikwa naye. Watunzi hukopa kutoka historia bila kuomba ruhusa.

Kriketi ndiyo inayowatesa wengi. "Duck" ni O, kwa kuwa mpigaji aliyetolewa bila kupata alama husemwa kuwa amepata bata. "Maiden" ni M, na "on" huweza kuwa LEG, upande mmoja wa uwanja. Wakenya waliokesha mbele ya televisheni mwaka 2003, timu yao ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi, wana nafuu kidogo. Wengine hawana budi kujifunza.

Kwa bahati njema mizigo hiyo si mingi kama inavyodhaniwa. Ni misamiati midogo ipatayo mia moja au mia mbili inayojirudia wiki baada ya wiki. Daftari dogo la kuiandikia kila inapojitokeza hutosha, na baada ya miezi michache daftari lenyewe huwa halifunuliwi tena.

Mkataba kati ya wawili

Mraba wa maneno ulianza New York. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyekuwa akifanya kazi katika gazeti la New York World, ndiye aliyechapisha wa kwanza Desemba 21, 1913. Vidokezo vyake vilikuwa vya moja kwa moja. Waingereza walipoupokea waliufanya wa mafumbo, na aliyefika mbali zaidi ni Edward Powys Mathers, mfasiri na mshairi, ambaye kuanzia mwaka 1926 aliandika katika gazeti la Jumapili la The Observer kwa jina la Torquemada. Jina hilo ni la Mhispania aliyeongoza baraza la kuwatesa wazushi katika karne ya 15. Wasomaji waliona limemfaa.

Torquemada alipofariki mwaka 1939, nafasi yake ilichukuliwa na mwalimu wa lugha za kale, D. S. Macnutt, aliyejiita Ximenes, jina la mkuu mwingine wa baraza hilo hilo. Huyu ndiye aliyeweka nidhamu. Katika kitabu chake cha mwaka 1966 alisisitiza kuwa mtunzi ana ruhusa ya kumpoteza msomaji, lakini hana ruhusa ya kumdanganya. Kila neno lililomo katika kidokezo liwe na kazi, na sarufi ya maelekezo iwe sahihi pale yanapofuatwa neno kwa neno. Si watunzi wote wanaomfuata. Mraba wa kila siku wa The Times huheshimu sana nidhamu hiyo na hautaji jina la mtunzi. Watunzi wa The Guardian, ambao hutumia majina ya bandia, baadhi yao hujipa uhuru. Mfumbuzi hujifunza tabia za mtunzi kama mchezaji wa bao anavyojifunza za mpinzani wake.

Ustadi huo umewahi kuchukuliwa kwa uzito usio wa mchezo. Januari 1942, katikati ya Vita Kuu ya Pili, gazeti la The Daily Telegraph liliwaalika wasomaji ofisini kwake wajaribu kumaliza mraba kwa dakika 12. Baadaye baadhi yao walipokea barua za serikali, wakajikuta Bletchley Park, kituo cha siri cha kuvunja maandishi ya siri ya Wajerumani. Miaka miwili baadaye gazeti hilo hilo liliwatia hofu maofisa wa usalama. Mwezi Mei na mwanzoni mwa Juni 1944, majibu ya mraba yalijumuisha Utah, Omaha, Overlord, Mulberry na Neptune, yote yakiwa majina ya siri ya mpango wa kuivamia Normandy, uliotekelezwa Juni 6. Mtunzi, mwalimu mkuu Leonard Dawe, alihojiwa na kuachiwa. Mwaka 1984 mmoja wa waliokuwa wanafunzi wake alieleza kuwa mwalimu aliwapa vijana visanduku wavijaze maneno, na kwamba yeye aliyasikia majina hayo kwa askari waliopiga kambi karibu.

Lakini kwa wafumbuzi wengi, tukio wasilolisahau ni la Januari 2013. John Graham, padri wa Kianglikana aliyekuwa na umri wa miaka 91, alikuwa akiitungia The Guardian kwa miongo mingi kwa jina la Araucaria, mti ambao Waingereza huuita fumbo la nyani. Juu ya mraba wa siku hiyo palikuwa na maelezo mafupi kwamba Araucaria ana namba 18 ya namba 19, inayotibiwa kwa namba 13 na 15. Wasomaji waliokaa na kalamu zao waliijenga habari hiyo wenyewe, herufi kwa herufi: saratani, umio, huduma ya kupunguza maumivu. Hakuwaficha, wala hakuwatangazia. Aliwaambia kwa lugha ambayo yeye na wao walikuwa wameitumia pamoja maishani, na akaendelea kutunga. Alifariki Novemba mwaka huo.

Pa kuanzia

Anayetaka kuanza asianze Jumamosi. Mraba wa Jumamosi katika magazeti mengi ya Uingereza una zawadi, na kwa sababu hiyo jibu lake hucheleweshwa kwa siku kadhaa, na hamu huwa imekwisha. Aanze na wa siku za kazi, ambao jibu lake hutoka kesho yake. Ule wa Jumatatu wa The Guardian kwa desturi huwa mwepesi kuliko wa siku nyingine, na ule uitwao Everyman, wa The Observer, umewalea wanafunzi wengi.

Katika wiki za kwanza, kazi kubwa si kujibu bali ni kurudi nyuma. Jibu likishatoka, likae kando ya kidokezo chake, na msomaji ajiulize kila neno lilikuwa na kazi gani. Anayefanya hivyo kwa vidokezo kumi hujifunza zaidi ya anayehangaika saa tatu na kimoja. Wawili wakikaa pamoja huenda kasi zaidi, kwa kuwa mtego uliomnasa mmoja mara nyingi haumnasi mwenzake.

Akiufikia wa mwisho wa wiki, avipitie vidokezo vyote haraka bila kukwama popote, akitafuta vya kupangua herufi na vya maficho. Majibu marefu yenye maneno kadhaa, yanayoonyeshwa kwa tarakimu kama (3,2,3), yatangulizwe, maana yakijazwa huzigawa herufi kwa majirani wengi. Tarakimu ndogo katikati mara nyingi ni "of", "in" au "the". Penseli ni bora kuliko kalamu. Na kidokezo kilichogoma kwa nusu saa kiachwe mpaka baada ya chakula, kwa sababu kinachohitajika kwa kawaida ni kuacha kuiona picha aliyoichora mtunzi, na akili iliyopumzika huiacha upesi.

Kuhusu simu, ambazo siku hizi hutoa orodha ya maneno yanayoingia katika visanduku vilivyobaki, maoni yanagawanyika. Kwa vidokezo viwili au vitatu vya mwisho hazina ubaya. Zikitumiwa tangu mwanzo hujaza mraba na kumwacha mwenye simu mikono mitupu, kwani zinaweza kumpa neno bila kumwonyesha lilivyojengwa.

Majibu ya vidokezo vitatu vya hapo juu: samaki waliovurugwa ni masika. Rafiki aliyechanganyikiwa ni fikira. Cha tatu ni asali, nayo imejificha katika "hasa likizoni", kuanzia herufi ya pili.